Mkubwa wa Kijiji Alikuwa Shangazi

Iko siku moja siisahau, mwanangu, ingawa ningependa sana kuisahau. Nilikuwa msichana mwenye ulimi mwepesi, nimejifunza Kiswahili kwa wapagazi waliopita kijijini kwetu, upande wa Mpitimbi. Mkubwa wa kijiji alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Aliamua kesi, aligawa mashamba, na ghala la mbegu halikufunguliwa ila kwa mkono wake. Manduna, wakuu wetu wa vita, walipoketi barazani, naye aliketi. Hakuna aliyeona ajabu.

Basi akaja akida wa Wajerumani kuandika jina la jumbe, yaani mkuu wa kijiji atakayeitumikia serikali yao, nami nikawa mkalimani. "Mkubwa wenu nani?" Nikamtazama shangazi. Akida akacheka, "Huyo bibi? Kwani wanaume wamekwisha?" Nikaona haya. Haya ya kijinga! Nikamwonyesha baba mdogo, mtu ambaye hajapata kuamua hata ugomvi wa kuku. Akaandikwa.

Shangazi hakunipiga. Alisema tu, "Leo umeniondoa mimi kitini. Kesho wataondolewa binti zako."

Majuto ni mjukuu. Vita vya Maji Maji vilipozimwa, askari walizunguka wakichoma chakula ili njaa itumalize. Jumbe wao, yule baba mdogo, kwa woga, akawaongoza hadi ghalani. Shangazi akasimama mlangoni. "Mbegu hizi si zake, wala si zenu!" Wakamsukuma, wakatia moto. Hawakujua kwamba sisi wanawake, kwa amri yake, tulikwisha kuficha vikapu vitatu vya ulezi katika msitu wa Matogoro. Kimoja nilikibeba mimi. Jumbe hakuambiwa. Njaa iliua wengi, mdogo wangu akiwamo, lakini waliosalia walisalia kwa ulezi ule.

Wazee husema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nakataa, mwanangu. Shangazi hakuubusu.

Wakikuambia mwanamke ameanza juzi kuketi barazani, waambie wanasema uongo. Wakikuuliza mkubwa wenu nani, mtaje aliye mkubwa kweli, hata wakicheka mpaka meno yawadondoke. Wakikusukuma kitini, rudi ukae. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na bibi zako waliolala katika ardhi hii ya Ungoni wasimame nyuma yako.