Siku Baba Alipobweka

Harufu ya gundi ya viatu vipya inanipandisha hasira mpaka leo. Napita Zhanxi, soko la viatu, na mwanangu mgongoni, wapakiaji wanafungua katoni, harufu inanipiga puani, na papo hapo nimerudi sebuleni kwetu, baba anaongea kwa sauti isiyo yake.

Tuliishi hapa hapa Guangzhou, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na sebule yetu ndiyo iliyokuwa ghala. Wageni waliokuja Jumapili baada ya ibada walikalia katoni za viatu vya biashara ya mama. Televisheni ilikuwepo, lakini ilisema Kichina, na Kichina chetu kiliishia sokoni. Kwa hiyo baba alipopata sidii ya sinema ya zamani ya Wazungu, nyeusi na nyeupe, watu wanafungua midomo na sauti haitoki, alifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Kule Mbeya, kabla sijazaliwa, alikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Waigizaji walisema yao, yeye akasema yake, na watu walimfuata yeye.

Sinema ilikuwa ya mke mwenye mume mkoromaji. Mume akisinzia, mke anafumba macho na kumwona mume yule yule amepanda farasi, masharubu yamesokotwa, anashuka kupiga goti chini ya dirisha na kumposa upya. Tuliziba dirisha kwa kitenge ili picha ionekane. Wali ulikuwa unanukia jikoni.

"Malaika wangu," baba alisema kwa sauti nyororo, "bila wewe chai yangu haina sukari. Utakubali nikuoe?"

Mama Neema, msusi wetu, mdomo wake ulikuwa haulali. "Mama Eliza, mjibu mwenzio, magoti yanamuuma."

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Nilishakubali zamani," alisema, kana kwamba ni yule mke wa dirishani. "Sema lini."

"Farasi akishiba, mpenzi."

"Farasi huyo anakula tangu nina mimba ya huyu Eliza. Kila nikiuliza naambiwa meiyou, hakuna, kama niko kwa wauza viatu."

Watu walicheka wakapiga katoni. Mama hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya televisheni, mwiko unadondosha maji sakafuni.

"Baba Eliza. Sema kwa sauti yako."

Pembeni mwa bega la mama, kwenye kioo cha televisheni, kijibwa kikapita. Baba akakitazama, akabweka.

Sebule ililipuka. Mimi nilianguka kutoka kwenye katoni kwa kicheko. Mama naye akacheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaenda kupakua wali. Kwa miaka mingi niliihesabu hiyo kuwa siku yetu ya furaha kuliko zote.

Sasa niwaambie jambo ambalo mtoto hakuliona. Kila wenzake walipokwenda kwenye meza ya Bwana, mama alibaki kwenye kiti na mikoba yao mapajani. Nilidhani ndiyo zamu yake, kwamba yeye ni mwaminifu, basi wanamwachia. Hakuna aliyenieleza kwamba mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa haruhusiwi kuisogelea meza ile. Baba alijua. Jumapili kwa Jumapili aliiona ile mikoba, na siku alipoulizwa mbele za watu, akajibu kwa mdomo wa mbwa. Alikufa farasi hajashiba.

Na mimi, mwenye kidato cha nne na akili zangu, nikaenda kumpenda mwanamume mwenye maneno matamu. Yuko Dar. Ananitumia sauti kwenye simu: malaika, asali, ua langu. Mwezi uliopita nilimuuliza lini. Akanitumia kicheko.

Jumapili hii dada mmoja alisimama kwenda mezani, akaninyooshea mkoba wake bila hata kunitazama. Mkono wangu ukaupokea wenyewe, kama uliozoea. Nikakaa nao mapajani, mwanangu akichezea zipu yake, akicheka.