Siku Mama Aliponiita Mvivu Mbele ya Kamati

Sijawahi kumkasirikia mama yangu kama nilivyomkasirikia siku ile mtaani Overport, na niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kukasirika polepole. Hasira yangu ni maziwa jikoni: ukigeuka tu, yameshamwagika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa na saluni katikati ya jiji la Durban. Nasema saluni, lakini kilikuwa chumba kimoja kirefu ndani ya jengo la maduka, tulichogawana na Mkongo mmoja mwenye simu za kulipia. Upande wake watu walipiga simu Lubumbashi na Bujumbura huku wakipayuka, utadhani wanataka wasikike bila waya. Upande wetu mama alisuka. Baba alikuwa amerudi Tanga, na kilichotufikia kutoka kwake kilikuwa salamu tu. Mimi nilikuwa darasa la kumi, shule ya serikali, na mama alikuwa ameshaniambia bila kuzunguka kwamba ada ya mwaka unaofuata hana. Shule zikifunguliwa Januari, wenzangu wangeshika kalamu, mimi ningeshika kitana.

Kusuka nilikuwa sikupendi. Nilipenda hesabu na kemia, na nilipenda harufu ya maabara, ambayo wenzangu walisema inanuka mayai mabovu. Wazo la kusimama nyuma ya kiti cha saluni mpaka uzee lilinifanya nilie chooni shuleni, mahali ambapo hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Mwalimu wangu wa hesabu, mama wa Kizulu mwenye sauti ya kuamsha darasa zima, ndiye aliyeniletea habari za ule ufadhili. Kilikuwepo chama cha akina mama wa mjini ambacho kila mwaka kilimchukua msichana mmoja wa sekondari na kumlipia ada, sare na vitabu mpaka amalize. Mwalimu alikuwa ameshapeleka alama zangu bila kuniambia, nami nilikuwa nimechujwa nikabaki miongoni mwa wachache. Yalibaki mahojiano, na mzazi lazima aje.

Akanifundisha. "Utawatazama machoni," aliniambia. "Utasema: mimi ni wa kwanza darasani, mimi ni mchapakazi, mimi ni kiongozi."

Nilishtuka. Kwetu mtoto anayemkazia macho mtu mzima ametafuta kofi, na anayejisifu mwenyewe ametafuta jina baya. Nikamwomba aniruhusu ninyamaze, vyeti viseme.

"Vyeti havina mdomo," akanijibu. "Unataka kusoma au hutaki?"

Nilitaka. Basi nikawa najifunza kujisifu mbele ya kioo cha saluni, jioni, wateja wakishaondoka. Siku moja mama, aliyekuwa akifagia nywele nyuma yangu, akauliza nazungumza na nani. Nikamtafsiria yote, kuanzia kuwa wa kwanza mpaka kuwa kiongozi. Ufagio ukamtoka mkononi.

"Astaghfirullah! Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe nani amekutembeza?"

Inabidi mjue mama yangu alivyokuwa. Hakuwa ananisifu. Nikileta ripoti yenye alama nzuri, aliitazama mpaka chini, akaikunja, akasema, "Haya, vyombo vinakungoja." Nilipokuwa mchanga, alinipaka doa kubwa la wanja kwenye paji la uso ili anayenitazama aone doa, asione mtoto. Shoga zake Tanga wakisema binti yako mzuri, yeye alijibu, "Mzuri wapi, na pua lile?" Mama aliogopa kijicho kuliko alivyoogopa polisi wa uhamiaji. Mtoto anayesifiwa hovyo, kwa imani yake, hakawii kuugua. Nililijua hilo. Nilichokuwa sijui ni kwamba angekuja nalo mpaka Overport.

Siku ya mahojiano alifunga saluni, akavaa buibui lake la Idi, tukapanda teksi, ndiyo daladala ya kule. Tukapelekwa ghorofani juu ya maduka, kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Pale alikuwepo msichana mwingine na baba yake, wametoka mtaa wa Queensburgh. Yule baba alikuwa akimsimulia katibu wa chama, kwa sauti, jinsi binti yake alivyozaliwa na akili, anavyoogelea, anavyopiga kinanda, na kwamba hajawahi kuona mtoto kama huyo. Binti anatabasamu tu. Mama akanivuta mkono.

"Anasema nini?"

Nikamwambia.

"Subhanallah," akanong'ona. "Anamnadi mwanawe sokoni?" Kisha nikamwona midomo inamcheza. Alikuwa anamsomea dua yule msichana wa watu, asije akadhurika kwa mdomo wa baba yake.

Tukaitwa. Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kihindi mwenye miwani ya kamba, kushoto kwake mzee wa Kizungu aliyewahi kuwa mwalimu, kulia dada wa Kizulu aliyekuwa akiandika kila kitu. Nikawatazama machoni. Nikasema mimi ni wa kwanza darasani, mchapakazi, kiongozi. Mama muda wote alitazama sakafu kwa aibu. Mimi nikaona mambo yanakwenda, maana mwenyekiti alikuwa anatabasamu na mzee anatikisa kichwa kukubali.

Halafu mwenyekiti akamgeukia mama, akaniomba nitafsiri. "Mama, tuambie wewe mwenyewe, kwa nini binti yako anastahili?"

Nikatafsiri. Mama akakaa vizuri, akaweka mikono mapajani, akatabasamu kwa adabu zake zote za kwao.

"Waambie huyu hana lolote," akasema.

Masikio yangu yakapata moto. "Mama," nikasema kwa Kiswahili huku nimekenua meno ili wale wasijue, "sema vizuri basi."

"Nasema vizuri. Waambie mvivu, kupika hajui, kazi yake kulala. Kama watampa ni kwa huruma yao tu."

Mtaniuliza kwa nini sikubadilisha maneno. Mama alikuwa na Kiingereza cha saluni: refu, fupi, imekaza, pole, subiri. Na neno mvivu alilijua barabara kwa Kiingereza, maana ndilo alilomwitia msaidizi wake wa pale saluni kutwa nzima. Alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja alisikie. Halafu, kusema kweli, maziwa yalikuwa yameshamwagika. Nikasema moyoni, unataka kuniua? Haya, niue. Nikawatafsiria neno kwa neno, uvivu, jikoni na usingizi wangu.

 Dada wa Kizulu kwanza aliacha kuandika, kisha akaandika sana. Mzee akavua miwani. Mwenyekiti akauliza taratibu kama angalau nyumbani namsaidia mama.

"Msaada gani?" mama akajibu. Akawatazama mmoja mmoja, tabasamu lile lile dogo, kama anayengoja kitu. Hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti akasema asanteni, tumesikia.

Huko barabarani nililipuka. "Umeniua, mama! Umeniua mchana kweupe!"

"Usinipandishie sauti njiani."

"Wamekuamini! Wameandika kwamba mimi ni mvivu!"

Mama akasimama pale pale, mbele ya duka la vitambaa. "Wameamini?"

"Sasa walitaka wafanye nini? Mama mzazi ndiye amesema!"

"Nilikuwa nawangoja wanirudishie," akasema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Mtu akisema mwanangu hana lolote, mwenzake anasema, 'Aka, usiseme hivyo, mtoto huyu taa ya nyumba.' Ndivyo watu wanavyosema. Kila mtu anajua. Nikakaa nangoja, wananitazama tu. Hakuna hata mmoja aliyenirudishia." Akanigeukia. "Hawa hawana watoto?"

Ndipo nikaelewa. Muda wote ule pale ndani, mama alikuwa ananiombea ufadhili. Aliomba kwa njia pekee aliyofundishwa, akaacha pengo kwa ajili ya sifa zangu, watu wakaliacha wazi. Teksi ikasimama, kondakta akapiga kelele za mjini, mjini! Mama hakupanda. Nilimwona mama yangu, ambaye aliwahi kumfukuza mwizi kwa chuma cha moto cha nywele, amesimama kando ya njia kama mgeni.

Akageuka. Alirudi kwa kasi mpaka buibui likawa linapiga kelele, mimi nyuma namwambia ngoja, nitakutafsiria.

"Hutanitafsiria. Kaa nje."

Yule baba wa Queensburgh na binti yake walikuwa ndiyo wanatoka, wanacheka. Mama akapita katikati yao, akaingia bila kubisha hodi, akanifungia mlango. Nikabandika sikio.

"Sorry," nilimsikia. "I lie. Before, I lie."

Mtu akauliza kitu. Mama hakumngoja amalize. Kwa Kiingereza kile cha saluni, ambacho hakikutosha hata kuelezea rasta za kawaida, akaanza kunisifu. "My daughter, number one. Not lazy. She cook, she wash. I sleep, she read." Kila akimaliza sentensi moja alisema mwenyewe, "Mashaallah," kwa kuwa mle ndani hapakuwa na wa kumsemea. Number one, mashaallah. Very clever, mashaallah. Alisema kama anavuka barabara yenye magari, hatua moja, anaangalia, hatua nyingine.

Kisha Kiingereza kikamwishia. Nilisikia amenyamaza, nikashika kitasa. Lakini akaendelea kwa Kiswahili, pole pole, kama kwamba wakisikiliza vizuri wangemwelewa.

"Mtoto huyu ni mboni ya jicho langu. Akisoma usiku najifanya nimelala, namtazama. Sijawahi kumwambia. Nachelea nikisema, Mungu atamchukua."

Mle ndani hakuna aliyeelewa hata neno moja. Mimi nyuma ya mlango niliyasikia yote. Nilidhani namjua mama yangu. Nilidhani ripoti zangu alikuwa anazikunja tu.

Alipotoka uso ulikuwa mkavu. "Twende," akasema. "Na usiniulize kitu." 

Kabla ya magharibi alishaninunulia ubani, akanifukiza mpaka nikakohoa, na nilipokohoa akaruka kwa hofu kana kwamba maradhi ndiyo yameanza. Siku zilizofuata alikuwa ananishika shingo kila mara kuona kama nina homa. Nikipiga chafya, anasimamisha kusuka. Mteja mmoja Mrundi akamwuliza huyu mtoto anaumwa? "Haumwi," mama akajibu haraka, akagonga mbao za meza kufukuza balaa. Nilikuwa naona alivyokuwa anaishi na lile alilolisema, akingoja litugeukie. Mimi nilingoja kamati, yeye alingoja adhabu.

Simu ilikuja mchana, saluni imejaa. Shuleni walikuwa wameipa kamati namba ya Mkongo, kwa kuwa nyingine hatukuwa nayo.

"Mama, simu!" Mkongo akaita. "Banaita mutoto yako!"

Nikapokea. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Alisema nimepata, ada, vitabu, sare, mpaka nimalize. Akasema kitu kuhusu mama yangu ambacho sikukisikia chote kwa sababu masikio yalikuwa yanavuma.  Nilikuwa naitikia kwa kichwa, kama zuzu, simu mkononi.

Mkongo, ambaye simu za watu wote alizisikiliza kama zake, hakuweza kuvumilia. "Alipata!" akapiga kelele, akiuita ufadhili kwa Kifaransa. "Alipata bourse! Mutoto wa saluni alipata bourse!"

Vigelegele vikapigwa. Yule Mrundi akasimama na rola kichwani. Mteja wa Kizulu aliyekuwa akisukwa na mama akauliza kuna nini, alipoambiwa akasema, "Eish, Mama, well done!" Kisha Mrundi akasema kwa sauti ya kusikiwa na jengo zima, "Mama, huyu mtoto yako iko na akili sana!"

Saluni nzima ikamtazama mama. Hakuinua macho kutoka kwenye msuko.

"Huyu?" akasema. "Hana lolote. Mvivu tu."

"Aaaa, mama, usiseme hivyo!" wakamrudishia wote kwa pamoja, Warundi, Wakongo, mpaka na wale waliokuwa kwenye foleni ya simu. "Huyu ni baraka! Mashaallah, mama!"

Mama akaendelea kusuka. Uso wake haukuonyesha kitu, si furaha wala hofu. Ila yule mteja wa Kizulu aliruka kwenye kiti, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hawu, Mama! Too tight!"

Nikatazama vidole vya mama. Katika msuko mmoja alikuwa ameingiza nywele za misuko mitatu.