Springi za Upepo za Orrin Bakke

Orrin Bakke alikuwa mtu wa springi za chuma, na kwa umri wake hakuna aliyetarajia abadilike. Pikapu yake ya zamani ilikaa juu ya vile vyuma bapa vinavyolaliana, vizito, vyenye kutu, visivyojua kufa. Ilibeba marobota ya nyasi, ilibeba mafahali, na siku chuma kimoja kilipokatika alikiunga mwenyewe akaendelea na kazi. Ilirusha abiria, hilo ni kweli. Lakini huku kwetu magharibi mwa Dakota Kaskazini, mtu akilalamika kwamba gari linamrusha huulizwa kama aletewe mto.

Kwa hiyo siku alipoegesha mbele ya mkahawa pikapu mpya yenye mifuko ya upepo badala ya springi, wazee walimpokea kwa kebehi. Aliyeanza ni jirani yake Dwayne Schlosser, fundi wa matrekta.

"Mzee, umenunua gari au kitanda?"

"Kiuno kimechoka," Orrin akajibu.

"Subiri Februari. Springi ikivunjika unaifunga na mnyororo unafika nyumbani. Upepo ukikutoka, utaufunga na nini?"

Wakacheka, naye akacheka nao, akanywa kahawa yake. Hakuwaambia kwamba kiuno hakikuwa chake.

Saratani ya mkewe, Arlys, ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo, na kila wiki ilibidi ampeleke hospitali Bismarck, mwendo wa nusu siku. Arlys alikuwa ameomba jambo moja tu. Matibabu atakwenda, sindano atachomwa, lakini afie nyumbani, kwenye kiti chake cha jikoni, dirishani panapoonekana zizi la ndama. Orrin alimwahidi kwamba kila atakapomtoa atamrudisha. Lakini kwenye pikapu ya zamani alirudi midomo imegeuka rangi, na ukimuuliza anaendeleaje alisema, "Si vibaya." Ndilo jibu letu sote huku. Mvua ya mawe ikifagia ngano yote, si vibaya. Mtu akikatwa mkono na mashine, si vibaya sana. Ni tabia ya kukera, na imetuzikia watu wengi ambao wangeweza kusaidiwa mapema.

Pikapu mpya iliyameza mashimo kimya kimya. Ukibonyeza kitufe ilishuka chini kama ngamia anayepiga magoti, Arlys akaketi bila kuinua mguu, kisha ikajijaza upepo na kusimama tena. Safari ya kwanza alisinzia njia nzima. Orrin aliendesha huku machozi yakimtoka, na kama angeulizwa angesingizia mwanga wa jua juu ya theluji.

Baridi ilipokaza, akakumbuka maneno ya Dwayne akaingiwa na hofu. Akaamua pikapu isilale nje. Akaipa mahali bora kuliko pote alipokuwa napo: banda la kuzalia ng'ombe, lenye moto, wanapokaushwa ndama wachanga. Mfugaji yeyote wa huku angefanya hivyohivyo. Kilicho chako cha thamani unakiweka na ndama. Humo mlikuwa na joto na mvuke mpaka kuta zilitiririka maji, na humo ndimo Arlys alimopandia, gari likishuka na kupanda.

Asubuhi ile ya Februari hewa ilikuwa ya kukata pua. Walikuwa wamekwisha kuiacha barabara ya changarawe, nyumbani ni mbali na mjini ni mbali, taa ya onyo ikawaka mbele ya usukani. Nyuma ya gari ikaanza kuzama. Kisha mbele. Orrin akasimama, akabonyeza vitufe vyote, akashuka, akapiga magoti kwenye theluji. Bodi ilikuwa imelalia ekseli. Akarudi ndani akauliza warudi au waende. Arlys akasema waende.

Akaenda polepole kama anayesindikiza jeneza. Lakini baridi ilikuwa imeipasua lami na kuivimbisha, na sasa hapakuwa na springi wala upepo, palikuwa na chuma juu ya chuma. Kila tuta liliingia moja kwa moja kwenye mgongo wa Arlys.

"Si vibaya," akasema kwenye tuta la kwanza.

Akasema tena kwenye la pili. Baadaye akanyamaza, na baada ya daraja akapiga ukelele. Orrin hakuwahi kuusikia. Mwanamke huyu alizaa watoto watatu bila kupaza sauti. Alitamani ardhi immeze, na aliendelea kuendesha, maana hapakuwa na jingine la kufanya.

Hospitalini walimchukua kwa machela. Orrin akaegesha gari chini ya jengo, kwenye maegesho yenye joto, akampigia simu Dwayne.

"Linalala wapi?" Dwayne akauliza.

"Bandani, na ndama."

"Orrin, ile kompresa inayojaza mifuko upepo inavuta hewa ya hapohapo. Imekuwa ikivuta pumzi za ng'ombe. Maji yameingia kwenye mipira ya upepo, na ulipotoka nje yakaganda."

Orrin alikata simu bila kuaga. Kompresa ya karakana yake aliitoa maji kila jioni, miaka yote, ili isigande. Alilijua jambo hilo kuliko jina lake. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amelinywesha gari maji, kwa upendo.

Arlys alipoamka kwenye dawa, alimtafuta kwa macho.

"Baba, mimi nyumbani sirudi."

"Nitaleta ile ya zamani. Nitaijaza magunia, springi zikilemewa zinalainika. Au gari la wagonjwa."

"Hata hilo lina chuma chini. Barabara siiwezi tena." Akafumba macho. "Imeniuma, Orrin. Imeniuma sana."

Ng'ombe walikuwa wanazaa na nyumbani hapakuwa na mtu, kwa hiyo jioni ilimbidi aondoke. Muuguzi alimpa kahawa kwenye kikombe cha karatasi, kimejaa, hakina kifuniko. Chini, kwenye maegesho, barafu ya kwenye mipira ilikuwa imeyeyuka, na pikapu ilikuwa imesimama wima, nzima, kana kwamba haikutokea kitu. Akakiweka kikombe mahali pake upande wa Arlys, akasahau kukinywa.

Akapita daraja. Akapita matuta yote, na kisha changarawe, gari likielea. Alipozima injini mbele ya banda, akageuka upande ule. Kahawa ilikuwa imepoa, na hapakuwa na hata tone lililomwagika.