Odoyo Hakwenda Migori

Huku kwetu mtu akikuambia "funika hayo", anataka unyamaze ili mwingine apone. Binti akipigwa na mumewe huambiwa afunike. Mzee wa kanisa akizaa nje, waumini wote wanafunika. Sijawahi kusikia mwanamume akiambiwa afunike jambo kwa faida ya mkewe.

Mimi niliambiwa na shemeji yangu Orwa, mwenye shimo la dhahabu upande wa Nyamwaga. Shimo hilo lilibomoka likamfukia mdogo wake Odoyo, mume wangu. Orwa na watu wake walimtafuta siku mbili wakaacha. Orwa akaja kwangu na udongo bado miguuni.

"Mama Akech, funika kidogo. Polisi wakijua watanifunga, na watoto wako nani atawalisha? Sema amevuka mpaka wa Sirari, yuko Migori anatafuta kazi. Mambo yakitulia tutamlilia."

Nikasema. Nilisema sokoni, nikasema kanisani. Jirani yangu Felista akanitania, "Huyo kapata Mkenya mnene, usimpikie tena!" Nikacheka naye.

Mwaka ukapita. Orwa akafungua shimo jingine, akaezeka bati. Nikaenda kwa mzee Okech, mkubwa wa ukoo, Orwa naye akiwepo. Sisi Waluo, maiti isipopatikana, tunachuma yago, tunda refu lenye uzito kama mtoto, tunalivika sanda na kulizika mahali pa mtu. Sikutaka kingine. Nilitaka mume wangu alale nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba. Naomba Odoyo azikiwe yago."

Orwa akawahi kujibu. "Yago ni ya wafu. Mke mwenyewe ametangaza kila mahali kwamba mumewe yuko Migori. Tumzike mtu aliye hai?"

"Shemeji, si wewe uliyenituma kusema hivyo?"

"Nani alisikia?"

Mzee Okech akakataa. Kumzikia yago aliye hai, alisema, ni kumuua.

Nililichuma mwenyewe. Nikalifunga kwa shati lake la Jumapili, nikachimba kaburi mbele ya nyumba, kazi ambayo kwetu mwanamke haigusi. Hakuja mtu kulia, hata Felista hakuja.

Siku hizi Orwa akipita na wenzake hupaza sauti barabarani.

"Mama Akech! Odoyo anasemaje huko Migori?"

"Yuko hapa, shemeji. Njoo na sururu yako umtoe."