Rangi ya Geti kwenye Kipozeo

Shemeji yake alimchafulia jina mbele ya watu mia tatu, kwa kipaza sauti, mchana kweupe. Alisema amplifaya ya harusi imeungua kwa sababu ya vipozeo alivyovitengeneza yeye. Haikuwa kweli, na mpaka leo hajaifuta kauli hiyo.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Mama Sufuria, kwa sababu alizitengeneza. Alinunua alumini chakavu, vifuniko vilivyotoboka, pistoni za pikipiki, vipande vya fremu za madirisha, akaviyeyusha kwenye tanuru la mkaa uani kwake na kuvimimina kwenye kalibu ya mchanga. Shule hakuiona. Baba yake alisema kumsomesha binti ni kumwagia jiwe maji, akawasomesha wavulana, ambao walihitimu wakijua kukopa.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa amplifaya mtaa wa pili. Alijiita Injinia, na watu wakamwachia, maana jina halilipiwi kodi. Amplifaya zake zililia vizuri wiki mbili tatu, kisha zikafa. Ndani mna transista kubwa zinazosukuma sauti kwenye spika, nazo zikifanya kazi huwa za moto kama kikaango. Zisipopata kitu cha kulibeba joto hilo na kulitoa nje, kwaheri. Kitu hicho ndicho kipozeo: bamba nene la alumini lenye mbavu mgongoni, hewa ipite katikati. Injinia alikuwa anafunga vipande vya bati na kumwomba Mungu.

Siku moja alikuja na kipozeo cha kiwandani kilichovunjika, akauliza kama shemeji anaweza kumimina kitu kama kile. Mama Sufuria alikigeuza huku na huku kama samaki wa jana, akamwambia akiache.

Alihangaika nacho miezi miwili. Alichonga mfano wa kipozeo kwa mbao, akaugandamiza mchangani, lakini kila alipouchomoa, mchanga uliokaa katikati ya mbavu ulitoka nao. Akazichonga upya, nene shinani na nyembamba nchani, na hapo mfano ukachomoka kama mguu unaotoka kwenye kiatu cha baba. Ukabaki ule upande bapa, inapokaa transista. Aliwahi kuona sufuria yenye kitako kilichobonyea inavyochelewesha maji kuchemka, akajiambia joto halipendi mwanya. Basi akatandika msasa juu ya kioo cha dirisha, akausugua uso ule mpaka ukalala juu ya kioo bila kucheza. Hakuna aliyemfundisha.

Alimpa Injinia sharti moja tu. Uso huu bapa usipakwe kitu chochote isipokuwa ile dawa nyeupe ya kupitishia joto la transista, tena kidogo. Injinia alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza.

Amplifaya zikaacha kufa. Kwa miaka miwili watu walimsifu Injinia, naye akasema vipozeo amevibuni mwenyewe kwa hesabu. Mama Sufuria alimeza. Mafundi wengine watatu, ambao walikuwa na macho, walipita kwa Injinia bila kusimama wakaenda kuagiza uani kwake.

Ndipo ikaja hiyo harusi. Mtu mmoja mwenye vyombo vya muziki vya kukodisha alitaka amplifaya kubwa, na Injinia akataka ipendeze. Alivichukua vipozeo vinne vipya akavipaka rangi nyeusi ya mafuta, ile ya mageti, mara mbili, mgongoni na usoni. Kisha akafunga transista juu yake.

Ukumbini, mjomba wa bibi harusi alikuwa anaingia nusu saa ya pili ya nasaha zake wakati spika zilipoanza kukaanga. Ikafuata harufu, kisha kimya. Wageni wengine walimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kwa bahati mbaya palikuwa na spika ndogo ya akiba yenye kipaza sauti chake, na Injinia akakishika.

"Ndugu wageni, tuwieni radhi. Vile vyuma si kazi yangu. Ni vya shemeji yangu, yule pale, Mama Sufuria. Hajasoma. Ndiyo faida ya kubeba ndugu."

Vichwa mia tatu viligeuka. Watu walicheka, kwa kuwa walikuwa wameshiba. Mama mkwe, aliyekaa naye, alimshika goti.

"Nyamaza, mwanangu. Ya nyumbani hayaanikwi."

"Mama, aliyeanika si mimi."

Mume wake alikuwa meza ya pili. Aliangalia sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu.

Kabla ya wiki kwisha, wale mafundi watatu walikuwa wamevirudisha vipozeo vyao, vingine havijatobolewa hata tundu moja. Mume akasema, si unamjua mdogo wangu anavyopenda kuongea. Huyo ndiye mumewe, mpini usio na jembe.

Mwenye vyombo ndiye aliyewaita wote wawili kibandani kwa Injinia, maana yeye alitaka amplifaya yake, si ukoo wao. Mama Sufuria aliomba bisibisi. Alifungua skrubu, akainua transista moja, na chini yake rangi ikanyanyuka nayo kama ngozi ya maziwa.

"Shemeji, hii nini?"

"Rangi."

"Nani kaipaka?"

Injinia alieleza kwamba za ng'ambo nazo ni nyeusi, kwamba mteja hununua kwa macho kwanza.

"Huko nje paka hata maua. Huku ndani nilikukataza."

Mwenye vyombo aliinama, akakwangua kwa ukucha. "Kumbe umeivalisha blanketi," alisema.

Mama Sufuria alikwangua nyuso zote nne, akazisugua upya kwenye msasa, akapaka ile dawa. Injinia alichomelea transista mpya, na haki yake apewe, mkono wake ni mzuri akinyamaza. Wakaiwasha adhuhuri. Ililia mpaka alasiri, na jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anaomba ahurumiwe kwa ishara. Mama Sufuria aliweka kiganja kwenye mbavu. Zilikuwa za moto, lakini mkono ulikaa.

Siku ya pili Injinia alikuja uani. Alitazama nyuma kwanza, kisha akanong'ona.

"Shemeji, nilikosea. Yaishe."

Mama Sufuria aliendelea kushindilia mchanga. "Ulinisema kwa kipaza sauti. Mbona sasa unaninong'oneza?"

Injinia alisema watu wameshasahau. Akajibiwa kwamba mafundi watatu hawajasahau, na tanuru halina moto. Akasema akitangaza kwamba rangi ni yake, nani atamletea kazi tena? Mama Sufuria akamwambia hilo swali ndilo analoamka nalo yeye kila asubuhi. Injinia akaondoka. Mama mkwe anasema yaishe, mume anasema yaishe.

Hayajaisha. Injinia anadaiwa sentensi mbili, kwa sauti, katika ukumbi ule ule: kwamba rangi aliipaka yeye, na kwamba vipozeo vilikuwa vizima. Mume naye anadaiwa. Siku hiyo ikifika, asimame meza ya pili, mikono isiwe kwenye sahani.