Tuliposhukuru kwa Radi Isiyopiga

Siku ile ningependa kuisahau, mwanangu, lakini nikisikia tu unatafuta fundi umeme wa nyumba yako hapo Kwa Mrombo, inanirudia. Unasema rafiki yako ana mtu anayemaliza kazi siku moja. Keti kwanza. Nina jambo ambalo hata mama yako hajawahi kulisikia kutoka kwangu.

Nilikuwa kijana, nimepata kazi mjini Arusha, na kichwa kimevimba kidogo. Wiki ya Krismasi nilipanda nyumbani kwetu Meru, juu ya Tengeru, nikataka mama yangu, bibi yako, apate taa kwenye banda la ng'ombe, maana alikuwa akikamua alfajiri kwa kibatari. Nia ilikuwa njema, sikatai, ila nilitaka pia ndugu wakija waone ni nani aliyeleta mwanga. Nikamwita Fundi Elia, mtu mzima mwenye leseni yake. Alizunguka banda lile la mabati taratibu, akagonga nguzo za chuma, akasema, "Kijana, waya huu lazima upite ndani ya bomba la plastiki, na banda liwe na waya wa kupeleka umeme ardhini. Vifaa sina hapa. Nipe siku tatu."

"Siku tatu Krismasi imeshapita," nikamjibu. "Kama kazi imekushinda, sema."

Hakukasirika. Alikusanya vyombo vyake akaondoka. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lililovunjika halikuwa langu.

Jioni hiyo hiyo nikamwita Zakayo, mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekuwa akitengeneza redio Kikatiti. Unajua kwetu ukimpita ndugu ukampa kazi mtu baki, utasemwa ukoo mzima. Nikajificha nyuma ya desturi hiyo. Zakayo aliupigilia waya kwenye mabati kwa misumari, taa ikawaka kabla chai yake haijapoa. Nilimsifu mpaka akaona haya.

Siku ya tatu alfajiri, mvua ikinyesha na radi zikinguruma mlimani, mama alikwenda kukamua. Akamkuta ng'ombe wake amekufa, mnyororo bado umefungwa kwenye nguzo. Akaishika nguzo ili ainame amtazame, umeme ukamtupa. Nilikimbia kuuzima, nikamkuta ameketi kwenye matope, kiganja kimeungua. Kisha nikaona msumari mmoja umetoboa waya. Nikaung'oa waya wote kabla majirani hawajafika, nao walipofika nikawaambia ni radi. Mama naye akaniamini.

Jumapili alisimama kanisani, mkono umefungwa kitambaa, akamshukuru Mungu aliyemwepusha na radi. Alitoa sadaka ya kuku na mkungu wa ndizi. Kina mama walilia. Kwenye mnada wa sadaka pale nje nikapandisha bei mpaka ule mkungu ukawa wangu, watu wakanipigia makofi. Mwanangu, sijawahi kujichukia kama siku ile, na bado nilitabasamu.

Fundi Elia alikuwepo. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. "Nilipita kwenu kutoa pole," akasema kwa sauti ya chini. "Mabati yana matundu mapya ya misumari, na waya haupo. Mwambie mama yako wewe, nisije nikamwambia mimi."

Njia ya mwongo ni fupi. Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Hakuuliza habari za ng'ombe wala za mkono wake. "Kwa hiyo nimesimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa uongo wako?" Akaniomba Jumapili inayofuata nisimame naye tuseme kweli. Nikamwambia likizo imekwisha. Haikuwa imekwisha, zilibaki siku tisa. Nikateremka mjini.

Alisimama peke yake. Walionisimulia wanasema alieleza tu kwamba haikuwa radi, ulikuwa umeme wa bandani, na kwamba hakutaka kumdanganya Mungu. Jina langu hakulitaja. Vidole vyake viwili havikukunjika tena sawasawa, na hakukamua tena hadi alipofariki.

Basi nisikilize. Fundi anayekuambia "bado" usimfukuze, huyo anaogopa kuua mtu. Muombe leseni. Muulize amefanya kazi nyumba zipi, uende ukawasalimu wenyewe, watakwambia. Asiwashe kitu kabla hajapima mbele yako. Na ndugu asiyejua kazi mpe chai, mpe hata nauli ya kwenda kusomea ufundi, lakini usimpe roho za watoto wako. Watu wakikusema, waache waseme. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, ukiwa umesimama kando ya uliyemuumiza. Mimi nilijiambia nitasimama kanisani niseme Krismasi ijayo, kisha ile nyingine, hadi tukamzika mama.

Mungu ailinde nyumba yako, mwanangu, na wote watakaolala ndani yake. Akupe mafundi wakweli, na akupe ulimi wa kusema "ni mimi" mama yako angali hai.