Kuogelea kwa Amri

Binti yangu alizaliwa Namakwekwe, Mbale, ambako maji tuliyoyajua ni yale ya kwenye dumu. Unayabeba, unayagombania na jirani, lakini huingii ndani yake. Tulipohamia Jinja kwa ajili ya duka la baba yake, ndipo akagundua kwamba binamu zake wa Budondo, kijiji cha kando ya Nile, wote wanaogelea kama bata. Kila likizo alikwenda huko kwa bibi yake, na kila likizo kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni mwa mto na kulinda nguo za wenzake. Mimi ndiye niliyetoa amri hiyo. Nilimwambia mama mkwe wazi kwamba huyu hagusi maji mpaka ajue kuogelea, kwa sababu Nile haina huruma na mtoto wa mtu.

Safari moja alirudi amenuna, akasema haendi tena Budondo. Niliumia kweli. Mtoto akianza kuwakimbia ndugu zake kwa aibu, mama huna budi kutafuta dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa jirani yetu, askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, ambaye mtaa mzima tunamwita afande. Enzi zake aliwahi kufundisha makuruta kuogelea. Kiswahili chake ni cha kambini, nami niliyelelewa na Waislamu wenye duka, wenye Kiswahili cha pwani, napenda kumsikiliza. Nilipomweleza shida yangu alinituliza kwa neno moja.

"Mama, maji haina shida. Shida iko kwa kichwa."

Nikadhani tutakwenda majini. Wapi! Afande alileta benchi. Kila jioni binti yangu alilazwa kifudifudi juu ya benchi katikati ya uwanja, fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, akawa anapiga hewa kwa amri: mkono, mguu, pumua. Kuku walitawanyika. Muuza chapati wa getini aliduwaa mpaka chapati zikaungua. Afande hakutabasamu hata kidogo, maana kwake kuogelea ni gwaride lilelile, unaongeza maji tu. Na mtoto alishika somo, loo! Hata wakati wa kula nilimwona akigeuza shingo kuvuta pumzi kati ya tonge na tonge.

Siku ya maji ikafika. Nyumba moja ya wageni hapo karibu ina bwawa, na meneja alituruhusu kuingia asubuhi wakati wageni bado wanakunywa chai. Wallahi, mtoto alielea! Nilikuwa ukingoni nimeshika gauni langu refu, vigelegele viko kooni. Alipofika katikati, afande akaona mguu mmoja umelegea. Akataka kumrekebisha, na akafanya kama alivyozoea maisha yake yote.

"Simama!"

Akasimama. Katikati ya maji, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, macho mbele. Akashuka wima hivyo hivyo mpaka nywele zikapotea.

Niliruka. Kuogelea sijui, na sikumbuki nilifikiri nini, kama nilifikiri. Namshukuru Mungu maji yalinifika kifuani. Nilimtoa anakohoa, gauni limevimba pande zote, kisha nikamgeukia afande nikampa maneno ambayo mzee wa watu hastahili kupewa mbele ya wageni. Alisimama wima akayapokea yote.

Nikatangaza kwamba kuogelea kumekwisha. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wangu kasikia la mkuu, kazama! Tulipofika getini mtoto akanivuta gauni.

"Mama, nilikuwa naweza," akasema. "Nilizama kwa sababu nilitii."

Nani aliyemfundisha kutii bila kuuliza? Afande alimkuta ameshaiva. Mdomo huu wangu ulikuwa umemwamrisha tangu anatambaa.

Asubuhi nyingine tukarudi bwawani, kwa sharti kwamba afande aingie majini karibu naye na asitoe sauti. Maskini, alijiziba mdomo kwa kiganja, mishipa ya shingo imemtoka. Binti yangu aliogelea ukingo hadi ukingo, mguu mmoja umelegea vilevile, akafika.

Likizo iliyofuata nilimpeleka Budondo mwenyewe. Kuna sehemu mto umejikunja na maji yametulia, na hapo ndipo watoto huogelea. Aliingia pamoja na binamu zake, wakaenda mpaka karibu na matete. Woga ukanishika, nikapaza sauti nikawaita warudi. Binamu wote wakageuka mara moja. Yeye alinitazama, akatazama matete, akainua mkono kunionyesha kwamba amesikia. Kisha akaendelea, akayagusa, ndipo akarudi taratibu bila kuhema.

Alipotoka nilikuwa na karipio zima tayari mdomoni. Nikalimeza. Nilimfuta kichwa kwa leso yangu huku machozi yananitoka, naye akadhani nimekasirika, akaanza kuniomba msamaha. Nikamwambia asiombe.